Gesi Isiyoonekana Inapimwaje? Kisa cha Galaksi Inayosemekana Kutugusa

Kuna picha inayorudi kwenye simu za watu kila baada ya muda. Anga la usiku limefunikwa na wingu kubwa la zambarau, katikati yake kuna galaksi, na chini pameandikwa kwamba galaksi ya Andromeda imeshaigusa galaksi yetu na wanasayansi wamethibitisha. Hapa Tanga imepita kwenye magrupu ya mitaa, ya madrasa, ya kwaya na ya waliosoma pamoja, na ikifika barazani kwa wanywa kahawa wa Ngamiani inagawa watu. Wapo wanaosema lisemwalo lipo, wakaanza kuhesabu dalili za Kiyama. Wapo wanaocheka. Na hakosi mmoja anayeuliza swali lililo bora kuliko yote: kama gesi yenyewe haionekani, na mwanga tu huchukua miaka milioni 2.5 kufika kutoka huko, nani alikwenda kuipima?

Hakuna aliyekwenda. Picha ni mchoro wa msanii, umechorwa kuonyesha anga lingekuwaje kama macho yetu yangeweza kuiona gesi hiyo, na rangi ya zambarau ni chaguo lake. Lakini vipimo vilivyo nyuma ya mchoro ni vya kweli. Vilitangazwa mwaka 2020, na mizizi ya njia iliyotumika ina zaidi ya miaka 200. Kuhusu kugusana, jibu ni “huenda”, na hata kama ni kweli hakuna wa kupoteza usingizi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kwa majina. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi vinavyoshikiliwa pamoja na mvutano wao wenyewe. Yetu huitwa Njia Nyeupe, ina nyota zisizopungua bilioni 100, na ule ukanda mweupe unaoonekana ukiwa Kigombe au Pangani, mbali na taa za mjini, ni galaksi hiyo tukiitazama tukiwa ndani yake. Andromeda ndiyo galaksi kubwa iliyo karibu nasi zaidi, umbali wa miakanuru milioni 2.5. Mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5.

Gesi inayozungumzwa haihusiani na mtungi wa jikoni. Ni atomi zilizotawanyika kuizunguka galaksi, mbali kabisa nje ya eneo lenye nyota: nyingi ni haidrojeni, kisha heliamu, na kiasi kidogo cha kaboni, oksijeni, magnesiamu na silikoni. Nitaiita gubiko la gesi.

Kisha kuna kwasari. Huyu ndiye shujaa wa habari hii na ndiye asiyetajwa kabisa kwenye ule ujumbe wa simu. Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali sana, ambamo shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki, lenye uzito wa Jua mara mamilioni au hata mabilioni, linameza gesi. Shimo halitoi mwanga. Kinachong'aa ni gesi inayolizunguka ikielekea kumezwa; hupata joto kali hadi ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Ya kwanza kueleweka ni nini hasa inaitwa 3C 273, na aliyeielewa ni Maarten Schmidt, akiwa California, mwaka 1963. Iko katika buruji ya Mashuke, ambayo watu wa falaki wa pwani huiita Sumbula. Kwa kuwa Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, usiku wa Mei kiasi cha saa tatu kwasari hiyo hupita karibu na utosi wetu. Kwa macho matupu huioni. Mwenye darubini ya wastani ataiona kama nukta isiyo na cha kumvutia mtu, isipokuwa akijua kwamba mwanga wa nukta hiyo umesafiri takriban miaka bilioni 2.

Sasa kazi yake. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakishatoka, ukisimama Raskazone unaona taa zao zimetawanyika baharini. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi hubeba taa za betri, lakini kwa aliye ufukweni ni yale yale: nukta za mwanga kwenye weusi. Tuseme kipande cha ukungu kimetanda kati yako na boti. Ukungu wenyewe huuoni, maana ni usiku. Ila taa moja imefifia na ya jirani yake haijafifia. Basi umeshajua ukungu uko wapi, na taa zikiwa nyingi unaweza hata kukadiria upana wake bila kulowesha mguu. Pasipo na taa nyuma, hujui lolote, hata kama ukungu ni mzito. Kwasari ndizo taa hizo, gubiko la gesi ndilo ukungu, na anayepima hashughuliki sana na boti. Anatafuta kilichopungua njiani.

Mfano huo unaishia hapo, kwa sababu ukungu hufifiza taa nzima, ilhali gesi ya angani hunyofoa rangi fulani tu na kuziacha nyingine zipite. Bila kulielewa hili habari yote hubaki muujiza.

Mistari myeusi

Mwanga mweupe ni rangi nyingi zilizochanganyika. Mvua ikinyesha jua likiwaka tunaziona zimetenganishwa. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, na urefu huo hupimwa kwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni 1. Zambarau iko jirani na 400, nyekundu jirani na 700. Chini ya 400 kuna urujuanimno, ambao macho hayauoni ingawa ngozi inaujua vizuri. Mwanga uliotandazwa rangi kwa rangi huitwa spektra.

Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph von Fraunhofer, aliitandaza spektra ya Jua kwa mche wa kioo akaitazama kwa darubini. Katikati ya rangi aliona mistari myembamba myeusi, zaidi ya 500, kila mmoja mahali pake, leo na kesho pale pale. Hakujua ni ya nini. Ilipita karibu nusu karne ndipo Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, wakapata jibu kwa kutumia moto wa maabara. Sehemu moja ya jaribio lao unaweza kuirudia kwako: nyunyiza chembe za chumvi kwenye moto wa buluu wa jiko la gesi, na moto utageuka njano. Ni sodiamu iliyo ndani ya chumvi; ikipata joto hutoa mwanga wa takriban nanomita 589. Sehemu ya pili inahitaji vifaa: mvuke wa sodiamu ukiwekwa mbele ya mwanga mkali kuliko wake, humeza njano ile ile na kuacha mstari mweusi kwenye 589. Alichokiona Fraunhofer kwenye Jua kilikuwa kivuli cha sodiamu, chuma, kalsiamu na wenzao, wakiwa kwenye tabaka za juu za Jua lenyewe.

Kwa nini rangi moja na si nyingine? Elektroni ya atomi haiwezi kuwa na nishati ya kiasi chochote. Ina viwango maalumu tu. Ili ipande kutoka kiwango kimoja hadi kingine inahitaji mwanga wa kipimo kimoja kamili, usiozidi wala kupungua. Mwanga wa kipimo kingine unapita bila kuguswa. Na kwa kuwa viwango vya kila elementi ni tofauti, mistari ya haidrojeni haiwezi kuchanganywa na ya kaboni, wala ya kaboni na ya oksijeni.

Mwanafunzi makini atauliza: atomi ikishameza mwanga, si huutoa tena muda mfupi baadaye? Huutoa, ndiyo. Lakini huutoa kuelekea pande zote za anga, na sisi tuko upande mmoja tu. Kwa hiyo katika mwanga unaotujia moja kwa moja kutoka kwasari linabaki pengo.

Wanaosema huwezi kukijua kitu ambacho hujakishika wana kesi moja ngumu ya kujibu, nayo ni heliamu. Mwaka 1868 mstari wa njano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana ulionekana katika mwanga wa Jua. Ukapewa jina la elementi mpya. Heliamu ilipopatikana hapa duniani, na William Ramsay, ulikuwa mwaka 1895. Jua lilitangulia kwa miaka 27.

Gesi ni ya nani?

Mbishi wa barazani hajamaliza. Mwanga wa kwasari umepita kila aina ya mahali: gesi ya kwasari yenyewe, galaksi kadhaa za njiani, mwisho gesi ya Njia Nyeupe. Pengo likionekana, mtajuaje ni la nani?

Hapa ulimwengu wenyewe unasaidia. Unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hunyooshwa. Mawimbi yake huwa marefu zaidi, yaani huvutika kuelekea wekundu. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo yalivyovutika zaidi. Haidrojeni ina mstari wake mkuu kwenye nanomita 121.6, unaoitwa Lyman-alfa kwa heshima ya Mmarekani Theodore Lyman. Kila wingu la haidrojeni njiani hukata pengo kwenye 121.6 kwa kipimo cha pale lilipo, kisha pengo hilo nalo huendelea kuvutwa mpaka linapotufikia. Tukilipata kwenye 145.9 tunajua limevutwa mara 1.2. Tukilipata kwenye 364.8 limevutwa mara 3, basi limetoka mbali zaidi sana. Mawingu kumi katika njia moja huacha mapengo kumi, kila moja mahali pake. Baada ya hapo inatafutwa galaksi iliyo karibu na mstari ule wa mwanga, nayo inapimwa nuru yake imevutwa mara ngapi. Namba zikilingana, gesi ni yake, au walau ni ya mtaa wake.

Na kama mtu atadai kwamba pengo lolote linaweza kuitwa haidrojeni iliyovutwa kiasi unachotaka, ana haki, ikiwa lingekuwa pengo moja pekee. Ndiyo maana magnesiamu inapendwa. Atomi ya magnesiamu iliyopoteza elektroni moja ina mistari pacha, kwenye 279.6 na 280.3. Ikivutwa maradufu pacha hao hufika kwenye 559.2 na 560.6. Uwiano wao haubadiliki hata wavutwe vipi, na yule mfupi ndiye mwenye pengo kubwa zaidi, au wakilingana basi gesi ni nzito. Kaboni na oksijeni zina pacha wao pia. Kuwakuta pacha watatu wa elementi tatu, wote wamevutwa kiasi kile kile, si jambo la kubahatisha.

Kwenye kwasari za mbali sana mapengo ya haidrojeni hufika mamia, yamesongamana hadi wataalamu wakayaita msitu wa Lyman-alfa. Sehemu kubwa ya msitu huo ni gesi iliyo katikati ya galaksi na galaksi, nyembamba kuliko ya gubiko, kwa hiyo tuuache.

Wazo la kwamba galaksi zina gubiko halikuanza na Hubble, darubini ya angani iliyotumika kuipima Andromeda. Mwaka 1956 Lyman Spitzer, mwanafizikia wa Marekani (huyu Lyman ni jina lake la kwanza, hana undugu na ule mstari), alihoji kwamba Njia Nyeupe lazima iwe imezungukwa na gesi ya moto isiyoonekana. Mwaka 1969, yeye na John Bahcall waliandika kwamba mapengo mengi yaliyokuwa yakionekana kwenye kwasari yanatokana na magubiko makubwa ya galaksi za njiani. Mwaka 1986 Jacqueline Bergeron wa Ufaransa akaonyesha galaksi yenyewe, iliyo jirani na njia ya mwanga wa kwasari, ikiwa na namba ile ile ya pengo la magnesiamu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na kinachekesha kidogo: gesi ya karibu ni ngumu kuisoma kuliko ya mbali. Ya mbali imevutwa sana, mistari yake imeshaingia kwenye rangi ambazo hewa yetu inazipitisha, kwa hiyo darubini kubwa za Hawaii na Chile zinaiona vizuri. Ya karibu haijavutwa. Mistari yake bado iko kwenye urujuanimno, na ozoni huukata karibu wote ulio chini ya nanomita 310. Neema kwa ngozi zetu, hasara kwa kazi hii. Dawa ni kupanda juu ya hewa. Spitzer huyo huyo alikuwa ameipendekeza darubini ya angani tangu mwaka 1946. Hubble ilirushwa mwaka 1990, na mwaka 2009 wanaanga waliifungia kifaa kipya chenye uwezo mkubwa wa kutandaza spektra ya urujuanimno. Karibu kila kinachosemwa leo kuhusu magubiko ya jirani kimepitia kwenye kifaa hicho.

Andromeda ilipimwaje, na je, imetugusa?

Galaksi nyingi ziko mbali kiasi kwamba gubiko lake huchukua kipande kidogo mno cha anga, na ukibahatika utapata kwasari moja nyuma yake. Taa moja, basi. Andromeda iko karibu. Gubiko lake limetanda anga pana. Lingeonekana, upana wake ungekuwa takriban mara tatu ya zile nyota saba za Dubu Mkubwa. Timu iliyoongozwa na Nicolas Lehner wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ilitumia kwasari 43 zilizo nyuma ya gubiko hilo, nyingine karibu na galaksi, nyingine mbali pembeni, ikatafuta mapengo ya kaboni, silikoni na oksijeni katika kila moja. Walikuta gubiko linafika miakanuru milioni 1.3 kutoka kwenye galaksi, na katika baadhi ya pande hadi milioni 2. Lina tabaka mbili. La ndani, linaloishia kiasi cha miakanuru nusu milioni, lina vurugu zaidi. La nje ni tulivu na lina joto zaidi.

Sasa hesabu ya kugusana. Umbali wote ni miakanuru milioni 2.5. Kama gubiko letu lina ukubwa unaokaribiana na la Andromeda, kingo zake zinakutana katikati. Neno lenye uzito hapo ni “kama”. La kwetu ni gumu kulipima kwa namna hiyo kwa sababu tumo ndani yake: gesi iliyo karibu na iliyo mbali zinaangukia mstari mmoja. Kwa hiyo “imeshatugusa” ni makisio mazuri juu ya kipimo kizuri, na aliyeandika “wathibitisha” kwenye simu aliruka hatua.

Hata tukikubali kwamba kingo zimekutana, fikiria wembamba wake. Sehemu nyingi za gubiko hazina hata atomi moja kwa kila sentimita elfu za ujazo. Maana yake, chupa ya lita moja ukiifungua huko na kuifunga, utapata atomi moja, au hutapata kitu. Chupa hiyo hiyo hapa Tanga ina molekuli za hewa zaidi ya bilioni trilioni 10. Nilifanya hesabu ya haraka: ukijumlisha atomi zote za gubiko kwenye njia yenye urefu wa miakanuru laki tatu, idadi yake inakaribia ile ya molekuli za hewa kwenye sentimita chache tu mbele ya uso wako. Inaonekana kwenye spektra kwa sababu njia ni ndefu kupita kiasi na kwa sababu mstari wa elementi ni kipimo kikali sana.

Halafu kuna hofu ya joto. Mtu akisikia gesi ya nyuzi laki tatu, ambalo ndilo joto linaloashiriwa na oksijeni ya gubiko iliyopoteza elektroni tano, anafikiria moto. Joto ni kasi ya chembe. Chembe za huko zina kasi kubwa, lakini ni chache mno kukupa nishati ya maana. Mtu asiye na vazi la anga angeganda, asingeungua.

Wengine huichanganya gesi hii na mata nyeusi kwa sababu zote mbili hazionekani. Si kitu kimoja. Mata nyeusi haimezi wala kutoa mwanga wa rangi yoyote, na ndiyo maana haina mistari. Tunaijua kwa mvutano wake tu. Gubiko ni atomi za kawaida, zile zile zilizomo kwenye chumvi na maji.

Na mgongano wa galaksi zenyewe? Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba utatokea baada ya miaka bilioni 4 au 5. Hesabu mpya zilizochapishwa mwaka 2025 zimelegeza kauli: uwezekano ni kama nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10 ijayo. Atakayekutumia ujumbe wenye tarehe, muulize kaipata wapi.

Nikosoe upande wa wataalamu pia, maana njia hii ina mapungufu yake na ujumbe wa simu hauyataji. Kwasari 43 ni nyingi ukilinganisha na galaksi nyingine, lakini ni sindano 43 katika anga pana mno. Kati ya sindano na sindano watu wanakisia. Pengo linakueleza gesi ina mwendo gani, halikuelezi moja kwa moja iko kina gani ndani ya gubiko. Na kutoka kwenye pengo la silikoni hadi kusema gubiko lote lina uzito gani kuna ngazi kadhaa za kudhania, hasa kuhusu sehemu gani ya gesi imepoteza elektroni ngapi. Ndiyo maana makadirio ya uzito hutofautiana sana baina ya timu na timu, na kutofautiana huko si ushahidi kwamba wanadanganya.

Kinachowafanya wahangaike ni swali la chakula. Njia Nyeupe huzaa nyota mpya zenye uzito wa Jua moja au mawili kila mwaka. Akiba ya gesi iliyomo kwenye sahani yake, pale nyota zinapozaliwa, ingetosha miaka bilioni chache tu, na bado imekuwa ikizaa kwa zaidi ya miaka bilioni 10. Lazima inaongezewa kutoka nje, na nje ni kwenye gubiko. Baadhi ya makadirio yanaonyesha gubiko linaweza kuwa na uzito unaokaribia ule wa nyota zote za galaksi yake.

Pia kuna yanayotoka. Oksijeni na kaboni hupikwa ndani ya nyota. Kuzikuta kwenye gubiko kunamaanisha zilirushwa huko na nyota zilizolipuka. Kazi moja ya Hubble iliyotolewa mwaka 2011, ikiongozwa na Jason Tumlinson, ilionyesha kwamba galaksi ambazo bado zinazaa nyota zimezungukwa na oksijeni nyingi ya moto hadi umbali wa miakanuru laki tano hivi, na zile zilizokoma kuzaa zina kidogo sana. Kwa nini hasa, bado wanabishana. Mimi nadhani hapo pana habari kubwa kuliko ile ya kugusana, ila haina picha ya zambarau.

Anayetaka kuitazama Andromeda kwa macho yake, Novemba ni mwezi mzuri. Toka kwenye taa za mji, tazama kaskazini, upande wa Horohoro, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Ni baka hafifu, refu kidogo. Hilo ni eneo la katikati lenye nyota, gubiko halimo. Kusini nako, usiku wa Januari, kuna Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miakanuru 160,000 hivi, ambayo wenzetu wa Ulaya hawaioni kabisa. Mwaka 2022 timu iliyotumia mwanga wa kwasari 28 ilitangaza kwamba nayo ina gubiko lake la moto, likiikinga gesi yake isinyang'anywe yote na Njia Nyeupe.

Afrika imo kazini. Huko Karoo, Afrika Kusini, sahani 64 za MeerKAT hutafuta mapengo ya haidrojeni kwenye mawimbi ya redio ya kwasari, ambayo hayazuiwi na hewa wala na vumbi la galaksi, na husoma gesi ya baridi ambayo urujuanimno huipata kwa shida. Kwa gesi ya moto ya jirani, hata hivyo, tegemeo bado ni Hubble. Webb, darubini mpya zaidi ya angani ambayo watu hudhani imechukua nafasi yake, haioni urujuanimno. Hubble nayo imezeeka; tangu katikati ya mwaka 2024 hujielekeza kwa kutumia jairo (kifaa cha kuhisi inavyogeuka) moja tu, jambo linaloifanya ifanye kazi polepole zaidi. Mpaka irushwe darubini nyingine ya aina yake, kwasari nyingine nyuma ya Andromeda zitaongezwa moja moja, kadiri Hubble itakavyopewa muda.